Maswali kwa Bibi Nyuki: Ndoo ikivimba, nani kaiharibu?

Tangu mavuno ya Juni yaanze kufika sokoni, karibu kila bahasha ninayofungua ina asali iliyotoa povu. Safu hii basi ni ya kuchacha. Wenye maswali ya siafu na mizinga iliyohamwa mnivumilie hadi toleo lijalo.

*

Shikamoo Bibi Nyuki. Mimi ni mrina asali wa Sikonge. Mwezi wa sita nilirina mizinga 11 ya magome, nikapata ndoo 4 za lita 20. Ndoo 2 hazina neno. Nyingine 2 zimevimba mifuniko, na nilipofungua ya kwanza ilitoa mlio kama soda, povu likamwagika hadi chini. Mnunuzi wa mjini amezikataa zote 4, anasema nimetia sukari. Wallahi sijatia kitu. Je, kuna mtu kanifanyia ubaya? — Mrina, Sikonge

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyekufanyia ubaya, na huyo kuku usimpelekee mganga, mle nyumbani. Kilichovimbisha ndoo ni chachu, na chachu hiyo umeirina mwenyewe pamoja na asali. Ilikuwemo tangu asali ikiwa bado mbochi, yale maji matamu ya maua, kwenye ua la mti wa mtundu.

Nieleze neno hili kabla sijaendelea. Hamira ya pakiti ni aina moja ya chachu iliyofugwa, kama kuku wa kizungu. Hizi za asali ya pori ni jamii nyingi, hazijafugwa na mtu, na tabia zao hazifanani na za hamira. Kwa hiyo nitaziita chachu.

Sasa nitabashiri, uniambie nikikosea. Ndoo 2 zilizovimba ndizo ulizojaza mwishoni. Usiku ulikuwa umeenda, nyuki wamekasirika, mwenge unakaribia kuzima, na wewe hukuwa ukitazama tena sega moja moja. Ukachota lililofunikwa na lisilofunikwa, penye chavua na penye majana, yaani watoto wa nyuki, ukakamua vyote pamoja. Nimekaa miaka 27 kwenye kazi ya nyuki, mingi kati yake hukohuko Sikonge, na mizinga ya mwisho ya usiku ndiyo iliyonitoa machozi mara nyingi kuliko miiba.

Sega ambalo nyuki hawajalifunika kwa nta ni asali mbichi. Nyuki huleta mbochi iliyojaa maji, wakaipunguza maji kwa kuihamisha kinywa kwa kinywa na kuipepea kwa mabawa, na ikifika unyevu wa asilimia 18 hivi au chini yake ndipo hufunika. Kifuniko kile cha nta ni muhuri wao. Ukiivuna kabla ya muhuri, umeiba chakula jikoni hakijaiva.

Chachu zenyewe zinafikaje? Wewe wa Tabora unaijua reli ya kati. Gari moshi likiondoka Dar limejaa, watu wanashuka Morogoro, wanashuka Dodoma, wanashuka Tabora, na Kigoma wanafika wachache wenye safari yao. Ndivyo ilivyo safari ya chachu. Kwenye ua zimo za kila namna, zimeletwa na ndimi za nyuki, vipepeo na sisimizi. Baadhi zinaishia kwenye kibofu cha mbochi ndani ya nyuki. Ndani ya mzinga asali inazidi kuwa nzito na kali, maana nyuki hutia kimeng'enya kinachogeuza sehemu ya glukosi kuwa asidi, na chachu nyingi haziwezi kukua humo. Sukari nayo huzinyonya maji kama chumvi inavyomnyonya maji samaki wa ng'onda. Zinazofika Kigoma ni zile zilizoumbwa kwa safari hiyo, na mkubwa wao ni jamii ya Zygosaccharomyces, hasa aina mbili: *rouxii* na *mellis*. Ujanja wao ni kujijaza gliseroli ndani ya seli, ili sukari ya nje isiwe na nguvu ya kuwakausha. Tena hupenda kuanza na fruktosi, wakati chachu nyingi nyingine huanza na glukosi. Asali ina fruktosi nyingi kuliko sukari nyingine yoyote. Wamekuta meza imeandaliwa.

Lakini hata hawa, kwenye asali iliyoiva, wamelala tu. Hawafi, hawazaani. Wanangoja maji. Mwaka 1933 mtaalamu wa vijidudu wa Kanada, A. G. Lochhead, alitoa vipimo ambavyo mpaka leo wafuga nyuki wanavitumia. Asali yenye unyevu wa asilimia 17.1 au chini haitachacha ndani ya mwaka, hata iwe na chachu kiasi gani. Ukifika 18, ni salama kama gramu moja haina chachu zaidi ya 1,000. Ukifika 19, zisizidi 10. Ukifika 20, isizidi 1. Ukipita 20, hesabu haina maana tena, iko hatarini wakati wote. Tazama namba zinavyoporomoka, mwanangu: kila asilimia moja ya maji inakula karibu akiba yako yote. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, kiitwacho Codex, kinaruhusu mpaka asilimia 20 kwa asali ya kawaida, kwa hiyo unaweza kuwa ndani ya sheria na bado ndoo ikakulipukia.

Ndoo 2 nzima usizichanganye na mbovu kwa kutaka kuziokoa zile, zitachacha zote 4. Zilizochacha unaweza kuzisimamisha: sufuria ndani ya sufuria yenye maji, nyuzijoto 63, nusu saa, ukikoroga. Chachu zitakufa. Harufu ya pombe itapungua, ladha haitarudi, na hiyo utaiuza kwa mwoka mikate kwa bei ya chini ukimwambia ukweli. Usiwape nyuki, itawadhuru. Msimu ujao nenda na ndoo mbili porini: moja ya sega lililofunikwa angalau robo tatu, nyingine ya mengineyo, kula nyumbani. Usirine siku ya mvua. Dumu liwe kavu kabisa, si la kusuuzwa jana yake. Na mfuniko ukaze, kwa sababu asali hunyonya unyevu wa hewani hata ikiwa imetulia kwenye kona.

Mnunuzi wako nina neno naye. Povu si ushahidi wa sukari. Njiti ya kiberiti iliyochovywa asali ikawaka si ushahidi, tone linalozama kwenye maji si ushahidi, wala karatasi isiyolowa. Asali safi kabisa yenye maji mengi hufeli majaribio hayo yote, na ujanja wa sukari ukifanywa vizuri huyafaulu. Ana haki ya kukataa asali mbichi. Aje na refraktomita, ile ya mkononi unayodondosha tone ukaangalia kwenye mwanga, akusomee unyevu wa kila ndoo mbele yako. Kukuita mwizi ni jambo jingine, na kwa hilo anakudai samahani.

*

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, niko Morogoro. Nimepima sampuli 6 za asali ya pori maabara, haikuota chachu hata moja. Msimamizi wangu anasema asali inaua vijidudu kwa hiyo matokeo ni sahihi. Lakini chupa moja kati ya hizo inatoa harufu ya pombe! Nimekosea wapi? — Mwenye chupa, Morogoro

Marahaba. Hukukosea peke yako, tuko wengi kwenye benchi hilo, nami nimekalia katikati.

Kabla ya kustaafu nilihamishiwa kwenye maabara moja ambayo sitaitaja. Wiki ya tatu nikaletewa asali ya kikundi cha akina mama. Nikafanya kama nilivyofundishwa kwa maziwa: gramu 10 za asali kwenye maji safi yaliyochemshwa, nikatikisa, nikamwaga kwenye sahani za agari ya kawaida, ule ute mgumu wa kuoteshea vijidudu, siku 3 kwenye kabati la joto. Sahani zikatoka safi kama kioo. Nikaandika kwa mkono wangu, "Chachu: hakuna." Baada ya miezi miwili mwenyekiti wa kikundi alikuja na chupa moja, hakuniamkia, akaiweka mezani na kufungua kizibo. Sauti ile bado ninaisikia.

Makosa yalikuwa matatu. Kwanza maji matupu. Chachu iliyokaa kwenye sukari ya asilimia 80, ukiitupa ghafla kwenye maji, inavimba na kujeruhika, nyingi hufa hapohapo. Yeyusha sampuli kwenye maji ya glukosi, asilimia 30 mpaka 40. Pili chakula. Agari yako iwe na glukosi nusu kwa nusu. Itakuwa nzito, inachosha kumimina, na itakuunguza vidole. Tatu subira. Usizitupe sahani siku ya tatu. Ziache siku 7, na mimi huziacha 14. Niliporudia ile chupa kwa njia hii, siku ya tano yalitokea madoa meupe ya maziwa, madogo kama kichwa cha pini, yamebonyea kidogo katikati. Kufika siku ya 10 nilikuwa nimeshindwa kuyahesabu.

Kuhusu asali kuua vijidudu, msimamizi wako hajasema uongo. Ukali wake, sukari yake, na ile haidrojeni peroksidi inayozaliwa asali ikiongezwa maji, huwazuia bakteria wengi. Chachu zinazopenda sukari hazimo kwenye orodha ya wanaoogopa.

Uliuliza pembeni utarajie aina gani. Ukishapata njia sahihi, Zygosaccharomyces zitakuja kwanza na zitataka kufunika sahani nzima. Usishangilie mapema, tafuta zilizofichwa chini yake. Kuna jamii ya Starmerella, ambayo wataalamu waliipa jina hilo mwaka 1998. Wengi wao vitabu vya zamani huwaita Candida, kwa hiyo ukikuta *Candida apicola* na *Starmerella apicola* usidhani umepata viumbe wawili. Hawa ni marafiki wa nyuki kwelikweli, huonekana kwa nyuki na kwenye asali katika nchi nyingi. Ndugu yao *bombicola* ana kisa ninachokipenda. Alitolewa mara ya kwanza kwenye asali ya wale nyuki wanene wenye manyoya wa nchi za baridi, ambao huku kwetu hawapo, na leo anafugwa viwandani kwa sababu hutengeneza mafuta ya sabuni, ambayo huingia kwenye bidhaa za usafi. Kutoka kwenye asali mpaka kwenye beseni la vyombo.

Kisha Metschnikowia, chachu za mbochi. Zitafute kwenye ua na kwenye asali changa, maana kwenye asali mbivu hazidumu. Zimepewa jina la Ilya Mechnikov, yule wa Nobeli ya 1908, na baadhi yake ukiziona kwenye hadubini seli nne zimejipanga msalaba kama ndege iliyopaki. Mara ya kwanza nilidhani ni uchafu wa kioo, nikakifuta. Utakutana pia na Debaryomyces, Torulaspora, Hanseniaspora, Wickerhamomyces, kutegemea mzinga, msimu, na nani aliyekamua. Hapo kwa aliyekamua usipapuuze. Sega likifunguliwa mezani kwa kisu safi, na mengine yakakamuliwa mikono mitupu kwenye beseni la nguo, ni sampuli mbili tofauti hata kama yametoka mti mmoja.

Hamira yenyewe, *Saccharomyces cerevisiae*, usiitarajie sana. Ukiipata kwa wingi, jiulize kama dumu lilikuwa la pombe.

*

Yambo Mama. Niko Lubumbashi, nauza asali ya miombo ya Katanga. Asali yangu ilikuwa nzuri miezi mitatu. Ikaganda chini, juu ikabaki maji, na yale maji yako na uchungu na povu. Asali ile ile, namna gani juu iharibike na chini ikae muzuri? — Muuzaji, Lubumbashi

Yambo sana. Kinachoganda ni glukosi. Punje zake hujengwa na maji kidogo tu, chini ya asilimia 10, kwa hiyo kila punje inayojijenga inaacha maji mengine nyuma kwa jirani. Asali iliyokuwa na 18 kwa jumla inaweza kuwa na 22 au zaidi pale juu penye majimaji. Chachu zilizokuwa zimelala huko zinaamka. Kuganda si kosa, wala si ushahidi wa sukari. Ikianza kuganda, ikoroge vizuri igande yote sawasawa, punje laini, au ipashe moto taratibu ndani ya maji ya uvuguvugu irudi kuwa moja. Usiiache imegawanyika matabaka.

*

Bibi Nyuki, hujambo? Nimeletewa asali ya nyuki wadogo kutoka Kwale. Ni nyepesi kama sharubati na ina ukakasi wa ndimu. Imechacha au ndivyo ilivyo? Na je, naweza kumpa mtoto wa miezi 8 kwa kikohozi? — Mama Mpya, Mombasa

Sijambo. Naanza na mtoto: usimpe. Si hiyo, si ya nyuki wakubwa, si ya dukani, si tone kwenye chuchu, mpaka atimize mwaka mmoja. Asali yaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na kuichemsha jikoni hakuziui. Kikohozi mpeleke kliniki.

Sasa asali yako. Nyuki wadogo wasiodunga hawaweki asali kwenye sega la pembe sita, huiweka kwenye vyungu vidogo vya nta na gundi ya miti, na unyevu wake mara nyingi huwa asilimia 25 mpaka 30 na ushei. Kwa vipimo vya Lochhead ingekuwa imeshalipuka. Uchachu ule ni wa kawaida yake, sehemu ni kazi ya vijidudu vinavyoishi humo, na watu wa pwani wanaipenda hivyohivyo. Iweke kwenye friji na umalize mapema. Ikianza kusukuma kizibo na kunuka siki, imepita.

Nisikuache bila hiki. Brazili kuna nyuki wadogo waitwao *Scaptotrigona depilis*. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba majana wao hula kuvu inayoota ndani ya chumba cha chakula, na wasipoipata wengi hufa. Mwaka 2018 ikaandikwa kwamba kuvu hiyo ina wenzake, na mmoja wao ni Zygosaccharomyces, jamii ileile iliyovimbisha ndoo ya Sikonge. Mafuta yake ndiyo malighafi ambayo mtoto huyo wa nyuki anaitumia kutengenezea homoni ya kugeuka kuwa nyuki. Hajui kuyatengeneza mwenyewe. Tangu nisome habari hiyo ninaona aibu kidogo ninapoandika "chachu" kwenye safu ya kasoro.

*

Shikamoo. Mimi ni wa Nyeri, babu yangu alipika muratina, pombe yetu ya asali. Kama asali ina chachu zake, kwa nini wazee walihangaika na lile tunda? — Mjukuu, Nyeri

Marahaba. Kwa sababu wazee wako walikuwa na haraka ya sherehe. Chachu za asali zinavumilia sukari lakini ni wavivu. Ukiongeza maji, uwanja unageuka: hamira na jamaa zake, ambazo zilikuwa hoi kwenye asali nzito, sasa zina nafasi na zinakimbia kuliko wote. Swali ni utazitoa wapi. Tunda la mwegea lililokaushwa, lililokwisha kulala kwenye pombe ya awali, lina nyuzinyuzi zilizojaa chachu za mpishi aliyetangulia. Likikaushwa zinabaki humo zikingoja chungu kijacho. Babu yako alikuwa na ghala la chachu linaloning'inia ukutani. Wahabeshi kwenye teji, pombe yao ya asali, hutia mmea uitwao gesho. Kwetu Unyamwezini na Usukumani wanzuki ya zamani, nayo ni pombe ya asali, nimeiona ikianzishwa kwa masega yaliyokamuliwa, chavua na yote, na siku hizi wengi wanatia hamira ya pakiti na kumaliza kesho yake. Ladha? Ya pakiti zote ni dada mmoja.

*

Bibi, chachu ya asali yaumua mandazi? — Mpishi, Tanga

Nimejaribu. Kijiko kikubwa cha asali iliyochacha kwenye nusu kilo ya unga, jioni. Asubuhi donge lilikuwa limelala vilevile. Chachu hizi zimezoea sukari iliyo tayari, na ile ya wanga wa unga zinaiangalia tu. Kufika adhuhuri lilikuwa limepanda kidogo upande mmoja, nikakaanga. Wajukuu waliyala yote kwa chai, wakaniuliza kwa nini leo chapati nimezikata pembetatu.